Kitanzi Kilichoachwa Kining'inie

Mnamo Machi 13, 2024, katika Mahakama ya Milimani jijini Nairobi, Jaji Grace Nzioka alimhukumu kifo Joseph Irungu, ambaye Wakenya wengi wanamjua kwa jina la Jowie, kwa kumuua mfanyabiashara Monica Kimani. Mauaji hayo yalitokea Septemba 2018 katika nyumba za Lamuria, mtaani Kilimani. Kwa miaka mitano na nusu kesi hiyo ilijadiliwa kwenye matatu za Barabara ya Ngong, kwenye saluni na vibandani, na kila mtu alikuwa na yake ya kusema. Hukumu ilipotolewa, wengi walisema haki imetendeka. Hata hivyo hakuna mtu katika chumba kile cha mahakama aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba Irungu angenyongwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu Julai 1987, pale Hezekiah Ochuka na wenzake waliohusika na jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 walipouawa katika gereza la Kamiti.

Basi ni kitu gani hasa kilichotamkwa siku ile?

Jibu lililozoeleka, na ambalo hata watu wapole hulitoa, ni kwamba hakuna ubaya. Kama serikali hainyongi, maneno yaachwe kitabuni yawatishe wabaya, na Rais akiona vyema atawapunguzia adhabu. Kwa mtazamo huu, kuifuta hukumu ya kifo nchini Kenya ni kazi ya mawakili wasio na shughuli, kwa kuwa imekwisha kufa yenyewe. Hoja hiyo ina utulivu unaovutia, na ndiyo sababu ni hatari. Hukumu isiyotekelezwa ina watu ndani yake, ina makosa ndani yake, na ina uwezo wa kuamka.

Kuamka huko si jambo la kubuni. Wiki ile ile ambayo Irungu alihukumiwa, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba itaanza tena kutekeleza hukumu za kifo, baada ya kusitisha kwa zaidi ya miaka 20. Vita vilikuwa vinawaka mashariki, wanajeshi walikuwa wanatuhumiwa kwa uhaini, na mijini magenge ya vijana yalikuwa yamewachosha wananchi. Serikali haikuhitaji kulishawishi bunge litunge sheria mpya, kwa maana sheria ilikuwepo muda wote. Ulitosha waraka mmoja wa wizara. Nchini Gambia, Agosti 2012, wafungwa tisa waliuawa kwa mkupuo mmoja baada ya zaidi ya robo karne bila mtu kuuawa kwa hukumu ya mahakama, kwa kuwa Rais Yahya Jammeh aliamua hivyo. Kinachomzuia mnyongaji wa Kamiti leo ni desturi ya marais wanne waliofuatana. Desturi ni kitu chema, lakini haina kufuli. Siku ya hasira kubwa ya kitaifa, au siku ya rais mwenye hofu, itakuwa ukurasa mmoja wa kusainiwa.

Lakini hata desturi hiyo ikidumu milele, swali linabaki: nani huyo anayetamkiwa maneno haya? Kesi kama ya Irungu hupata kamera na vichwa vya habari. Nyingi hazipati.

Anayetoka maduka ya Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong, akapita katikati ya mitumba ya soko la Toi na kuelekea Kibera hatembei sana kabla ya kufika Mahakama za Kibera. Huko kuna mahakimu, na kesi za mauaji hawazisikilizi, kwa sababu mauaji ni kazi ya Mahakama Kuu. Wizi wa mabavu, ambao kwa sheria ya Kenya una adhabu ya kifo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, husikilizwa na mahakimu hapo hapo, baina ya kesi ya pombe haramu na kesi ya watu waliopigania kodi ya nyumba.

Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hakitaki mtu awe ameuawa, wala hakitaki awe amejeruhiwa. Kinataka mwizi aliyetumia nguvu au vitisho awe ametimiza moja kati ya mambo matatu: awe na silaha au kifaa cha hatari, au awe na mwenzake, hata mmoja, au awe amempiga mtu wakati wa wizi, muda mfupi kabla au mara tu baada yake. Moja latosha. Vijana wawili wakimtishia mtu kichochoroni na kumpokonya simu, hata kama hawana kisu, wamo tayari. Thamani ya simu haina neno. Kifungu kinachotangulia, 296(1), ambacho ni cha wizi wa nguvu wa kawaida, kina kifungo cha hadi miaka 14. Umbali kati ya miaka 14 na kitanzi unapimwa kwanza na mkono unaoandika hati ya mashtaka, kabla hakimu hajasikia neno lolote. Kabla ya Katiba ya 2010, mkono huo huo uliamua pia kama mshtakiwa angeweza kuomba dhamana, kwa kuwa makosa yenye adhabu ya kifo hayakuwa na dhamana kabisa.

Tena mshtakiwa wa mauaji asiye na pesa alipewa wakili kwa gharama ya serikali, ilhali mwenzake wa wizi wa mabavu, anayekabiliwa na adhabu ile ile, kwa miaka mingi alijitetea mwenyewe. Mwaka 2011, katika rufaa ya David Njoroge Macharia, Mahakama ya Rufaa ililitazama pengo hilo na kusema kwamba Katiba mpya inampa mtu wa namna hiyo haki ya wakili pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa. Kutamka haki na kuwa na mawakili wa kutosha katika kila mahakama ya mtaani ni mambo mawili tofauti.

Inafaa kutazama kwa karibu maana ya kujitetea mwenyewe. Shahidi amemaliza kusema: ilikuwa saa mbili usiku, nilimwona vizuri, ni huyu. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: una maswali kwa shahidi? Wakili angeuliza taa ilikuwa wapi, ilikuwa ya stima ya barabarani au ya kibanda, ilimulika uso au mgongo, tukio lilichukua muda gani, shahidi alitoa maelezo gani ya sura na mavazi alipopiga ripoti ya kwanza, na kama maelezo hayo yaliandikwa kwenye kitabu cha matukio kabla au baada ya mshukiwa kukamatwa. Angeuliza kama gwaride la utambulisho lilifanywa, au shahidi alionyeshwa tu kijana aliyefungwa pingu kwenye kaunta ya kituo. Tangu kesi ya Roria ya 1967, mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikijionya kwamba utambulisho wa shahidi mmoja katika mazingira magumu unaweza kumtia hatiani asiye na kosa, hata shahidi akiwa mkweli kabisa. Kijana aliyeacha shule mapema hajui kuwa kuna kitu kinachoitwa Roria. Ndipo anauliza swali analolijua yeye: "Kwa nini unanisingizia?" Shahidi anajibu kwamba hamsingizii. Hakimu anaandika. Kesi inasonga mbele.

Hapa ndipo hoja kongwe kuliko zote dhidi ya adhabu ya kifo inapopata nyama: mahakama hukosea, na kifo hakirekebishiki. Watu huitikia kwa kichwa kisha wakaisahau, kwa kuwa imesemwa mno. Kuna mtu mmoja Uganda ambaye maisha yake hayasahauliki kwa urahisi hivyo. Edward Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982, pamoja na binamu yake, kwa kumuua mwanakijiji aliyeitwa William George Wandyaka. Wandyaka alikuwa hai. Alikuwa hai, na watu wa huko walijua. Mashahidi walisema amekufa, daktari akaunga mkono, jaji akahukumu. Binamu yake Mpagi alifia gerezani. Mpagi mwenyewe alikaa katika gereza la Luzira miongoni mwa waliohukumiwa kifo kwa zaidi ya miaka 18, hata baada ya maafisa wa serikali kupata habari kwamba anayedaiwa kuuawa yupo na anapumua. Katika muda huo Uganda haikuwa na desturi kama ya Kenya. Ilikuwa inanyonga. Mwezi Aprili 1999, wafungwa 28 walinyongwa Luzira kwa siku moja, Mpagi akiwa ndani ya gereza hilo hilo. Aliachiliwa Julai 2000, na karatasi iliyomtoa ilikuwa ya msamaha wa rais. Serikali ilimsamehe kosa ambalo halikutendwa na mtu yeyote.

Mtetezi wa hukumu isiyotekelezwa anaweza kudai kwamba kisa hiki kinamsaidia yeye: tazama, Mpagi alisubiri, na kwa kuwa alisubiri alipona. Ni kweli kwamba kusubiri kulimpa muda. Lakini tuitazame hiyo subira yenyewe. Mwaka 1957 mwandishi Mfaransa Albert Camus alichapisha insha kuhusu mashine ya kukata vichwa iliyokuwa ikitumika nchini kwake, na hoja yake nzito kuliko zote haikuhusu kifo. Ilihusu kungoja. Alisema kwamba ili adhabu ya kifo ilingane na kosa, muuaji angepaswa awe alimwarifu mhanga wake kwamba atamuua, akamfungia kwa miezi mingi akiwa chini ya huruma yake, na ndipo akatimiza. Muuaji wa namna hiyo hapatikani kwa urahisi miongoni mwa watu binafsi. Mwaka 1993 majaji wa Baraza la Malkia mjini London, katika rufaa ya Pratt na Morgan kutoka Jamaika, waliamua kwamba kumweka mtu kwa zaidi ya miaka mitano akingoja kunyongwa ni mateso yanayokatazwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, iliweka kikomo cha miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho. Ukipita, hukumu inageuka kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gerezani, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, na akatoka huru mwaka 2016.

Kwa kipimo cha majaji hao, Kenya ambayo hainyongi ndiyo iliyokuwa ikirefusha mateso kuliko jirani yake aliyekuwa ananyonga. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alipowabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliohukumiwa kifo, sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa hiyo: kungoja kumewatesa kimwili na kiakili. Baadhi yao walikuwa wamengoja miongo. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wengine 2,747. Julai 2023 Rais William Ruto akafanya vivyo hivyo kwa wote waliokuwa wamehukumiwa kufikia Novemba 21, 2022. Kila baada ya miaka kadhaa Ikulu inatoa watu katika orodha, na mahakama, kwa kutii sheria, zinaijaza tena. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Tena huruma ya jumla ina kasoro isiyozungumzwa sana. Uwezo wa kusamehe uliotajwa katika Kifungu cha 133 cha Katiba ulikusudiwa kumtazama mtu: alifanya nini, alikuwa na umri gani, amebadilika vipi, familia ya aliyeumizwa inasemaje. Unapotumika kwa maelfu kwa sahihi moja, hakuna anayetazamwa. Aliyepokonya simu akiwa na mwenzake na aliyeua watoto wa jirani wote wanaingia mlango mmoja, wote wanapata kifungo cha maisha, na kilichoamua ni kalenda. Aliyehukumiwa Novemba 20 yumo, wa Desemba hayumo. Mahakama imejizuia kuwapima watu kwa sababu sheria imeifunga mikono, na Rais hawapimi kwa sababu ni wengi. Kati ya ofisi mbili kubwa za nchi, mtu mmoja mmoja amepotea.

Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliona nusu ya tatizo hili. Katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake iliamua kwamba Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji, kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinamnyima mshtakiwa haki ya kusikilizwa kuhusu adhabu yake. Adhabu ya kifo yenyewe iliachwa kama kikomo cha juu. Magereza yote yalisikia habari hiyo. "Muruatetu" likawa jina la matumaini, na wafungwa wa wizi wa mabavu wakaanza kuandika maombi ya kupimiwa adhabu upya. Wengi walipimiwa. Kisha Julai 6, 2021 Mahakama hiyo hiyo ikatoa maelekezo: uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Matokeo yake ni jambo ambalo lingepaswa kumkosesha usingizi kila mbunge. Jaji anayemhukumu aliyeua anaruhusiwa kusikiliza na kupima. Kwa yule ambaye hakuua, maneno "shall be sentenced to death", yaani "atahukumiwa kifo", ya kifungu cha wizi wa mabavu yakaachwa pale pale yalipokuwa.

Mfano mwingine unaonyesha jinsi mizani ilivyopinda. Mnamo Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwaka 2019 washtakiwa watatu walipatikana na hatia ya kuwasaidia wauaji. Mmoja alipewa kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja, kwa kuwa sheria za ugaidi hazina kitanzi. Hakuna aliyesema kwamba Kenya imewadharau waliokufa Garissa. Nchi ilikwisha kukubali, katika kosa baya kuliko yote iliyowahi kulihukumu, kwamba jela inatosha.

Hata hivyo kuna kesi ambayo mpinzani wa adhabu ya kifo hapaswi kuikwepa, na ni ya Willie Kimani. Alikuwa wakili wa haki za binadamu. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa mwendesha boda boda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi, Fredrick Leliman, na akathubutu kulalamika. Juni 23, 2016, walipotoka Mahakama ya Mavoko wakiwa na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa. Walizuiliwa katika kambi ya polisi ya utawala Syokimau. Kimani alifanikiwa kuandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya shashi, akakitupa nje ili anayekiokota ampigie simu mkewe. Siku chache baadaye miili ya watu watatu ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk, ndani ya magunia. Februari 3, 2023 Jaji Jessie Lessit alimhukumu Leliman kifo, na washirika wake vifungo vya miaka 20 hadi 30.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata kama watu wa kisiwa wangekubaliana kuivunja jamii yao na kutawanyika duniani, wangepaswa kwanza kumnyonga muuaji wa mwisho aliye gerezani, la sivyo damu ingewashukia wote. Mbele ya karatasi ile ya shashi, Kant haonekani mkali mno. Mtu aliyepewa sare na bunduki na umma, akazitumia kumuua mlalamikaji, wakili wake na dereva asiyehusika, amestahili nini? Anayesema kwamba hastahili kufa anapaswa kulisema hilo akiwatazama machoni mjane na watoto. Hoja ya makosa ya mahakama haimsaidii sana hapa, kwani ushahidi ulikuwa mzito.

Lakini tuulize ni nini hasa kinachofanya jambo la Syokimau litutie kichefuchefu kuliko mauaji mengi ya mjini. Ni kwamba watu wale walikuwa mikononi mwa serikali. Walikuwa wamefungwa. Hawakuwa tishio kwa mtu yeyote. Mwenye ufunguo alikuwa na muda wa kufikiri, akafikiri, kisha akawatoa walipokuwa wamewekwa ili wakafe. Ukiondoa hatia na kutokuwa na hatia, ukiondoa jaji na rufaa, ambavyo ni vitu vikubwa na havipaswi kudharauliwa, kinachobaki katika unyongaji halali ni umbo lile lile: mtu aliyefungwa, asiyeweza kumdhuru yeyote, anatolewa chumbani na watumishi wa umma waliofikiri kwanza, ili auawe. Sheria inaweza kumpa Leliman kila kitu alichowanyima wenzake, wakili, ushahidi, nafasi ya kujibu, na bado mwisho wa yote ikafika kwenye kitendo ambacho yeye alifundisha nchi nzima kukichukia. Kutomnyonga hakumpunguzii hatia hata chembe. Kunaiwekea serikali mpaka ambao yeye, akiwa mtumishi wake, aliuvuka.

Na ni kwa nini serikali hii hasa iwekewe mpaka? Historia ya kitanzi nchini Kenya inajibu. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, utawala wa Kiingereza uliwanyonga watu 1,090 kwa makosa ya Mau Mau, kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson katika kitabu alichokichapisha 2005. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Walihukumiwa kwa kupatikana na risasi, kwa kulisha kiapo, kwa kuandamana na wapiganaji. Kulikuwa hata na kitanzi cha kuhamishika kilichozungushwa nchini. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Kosa alilohukumiwa nalo lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Kaburi lake halikuwekwa alama. Miaka 50 baadaye, siku ile ile, taifa lilimzindulia sanamu katikati ya Nairobi. Lakini Kifungu cha 60, kinachomhukumu kifo anayelisha kiapo cha kutenda kosa lenye adhabu ya kifo, bado kimo katika Kanuni ya Adhabu ya nchi iliyosimamisha sanamu hiyo. Na Wakenya huru, badala ya kuupunguza urithi huu, waliuongezea: wizi wa mabavu uliingizwa na bunge lao wenyewe.

Watetezi wa urithi huu husema kwamba mtaani watu hawana subira. Kelele za "mwizi!" zikisikika sokoni Toi au popote pale jijini, mawe na tairi hutangulia polisi, na wanadai kwamba sheria ikilegea, umati utazidi. Ukweli ni kwamba umati umekuwepo miaka yote ambayo sheria imekuwa kali. Umati hauchomi watu kwa sababu adhabu ya mahakama ni ndogo. Unachoma kwa sababu hauamini kwamba mtu huyo atakamatwa, atashtakiwa na kuhukumiwa bila faili kupotea. Cesare Beccaria aliandika tangu 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kupatikana zaidi ya ukubwa wa adhabu, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi ya simu iliyoibwa katika kituo cha polisi anajua Beccaria alikuwa anazungumzia nini. Tena sheria inayosema kwamba mwizi anastahili kufa inaupa umati hoja yake ikiwa tayari. Umati unatekeleza tu kile ambacho kitabu kimekiri.

Wapo pia wanaosema kwamba kufuta adhabu hii ni wazo la wageni. Wanapaswa kutazama karibu. Rwanda, ambayo Aprili 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22 kwa mauaji ya kimbari, iliifuta mwaka 2007. Sababu moja ilikuwa kwamba mahakama ya kimataifa ya Arusha, ambayo adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha, na nchi za Ulaya hazikuwa tayari kuwakabidhi watuhumiwa kwa nchi inayoua. Rwanda ilichagua kuwapata na kuwahukumu badala ya kuwaua. Burundi ilifuata 2009. Nchini Kenya kwenyewe, Mei 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kisomali kusuluhishana kwa fidia ya ngamia na mbuzi, familia ya marehemu ikisema haidai zaidi. Mawakili wengi walishtushwa na uamuzi huo, na kuna sababu za kushtuka, hasa pale ambapo mwenye mali anaweza kununua damu ya maskini. Ila Waislamu wa Pwani na wa Eastleigh hawakuona jambo geni: katika dini yao kisasi ni haki ya familia, na kusamehe au kupokea dia, yaani fidia ya damu, ni bora mbele ya Mungu. Hiyo ni fikra ya kale, ya nyumbani, na ndani yake aliyefiwa ana nafasi ya kusema. Katika kesi ya Jamhuri dhidi ya fulani, aliyefiwa ni shahidi tu, na kitanzi kinachotamkwa kwa jina lake hakimletei hata nauli ya kufika mahakamani.

Kinachohitajika hakina fumbo. Bunge linaweza kuondoa adhabu ya kifo katika Vifungu vya 40, 60, 204, 296(2) na 297(2), na kuweka mahali pake vifungo vinavyopimwa, ili hakimu wa Kibera aweze kutofautisha kati ya bunduki na ngumi. Maelfu waliogeuziwa adhabu kwa jumla mwaka 2009, 2016 na 2023 wanapaswa kurudishwa mbele ya hakimu au jaji, mmoja mmoja, kila faili likisomwa. Hilo litachukua miaka na pesa, na litahitaji mawakili wengi kuliko walioko sasa. Wakati huo huo mahakama zinaendelea kutii sheria kama ilivyoandikwa, na waliohukumiwa kifo tangu Novemba 22, 2022, akiwemo Leliman na akiwemo Irungu, pamoja na vijana ambao majina yao hayakuandikwa na gazeti lolote, hawakuguswa na agizo la Rais la mwaka 2023.